Kyubu Zimepita, Lakini Chumvi Je?

Ukijenga Kigamboni, Mbweni, Nyali au Chukwani, karatasi ya maabara utakayoletewa mara nyingi ina jibu moja tu: kyubu za zege zimevunjwa siku ya 7 na ya 28, na zimefikisha nguvu iliyotakiwa. Mhandisi anasaini, mkandarasi analipwa, kazi inaendelea. Karatasi hiyo ni ya lazima na sina ugomvi nayo. Ila imejibu swali la uzito peke yake, yaani zege hili litabeba kiasi gani kabla halijapondeka. Majengo mengi ya pwani hayaharibiki kwa kuelemewa. Yanaharibika kwa nondo kushika kutu kimya kimya ndani ya zege, mpaka siku moja tabaka la chini la slabu ya baraza linabanduka na vyuma vyekundu vinachungulia. Ukifukua faili la jengo kama hilo, usishangae ukikuta kyubu zake zote zilipita.

Swali la pili, la chumvi na maji vitachukua muda gani kuifikia nondo, lina kipimo chake, nacho ni kupima ukinzani wa zege dhidi ya umeme. Kifaa chake unakishika mkononi, hakivunji kitu, na jibu linatoka kwa sekunde chache. Ushauri wangu ni kwamba kila zege linalomwagwa karibu na bahari lipimwe hivyo sambamba na kyubu, na kila jengo la zamani linalosubiri ukarabati lipimwe kabla fundi hajashika nyundo. Lakini ni kipimo kinachosomwa vibaya sana, hasa mtu anapotaka kukitumia kukisia nguvu ya zege. Kwa hiyo nafasi kubwa ya makala haya nitaitumia pale kinapoteleza.

Umeme unahusika vipi na kutu

Zege lililokomaa lina vitundu vidogo visivyohesabika, na ndani ya vitundu hivyo mna maji yenye ualikali mkali, pH ya takriban 12.5 hadi 13.5. Ualikali huo unaivisha nondo utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando ukiwa mzima, chuma hakiliwi. Vitu viwili huutoboa. Cha kwanza ni hewa ya ukaa, ambayo hupenya kutoka nje na kupunguza ualikali pole pole. Cha pili, ambacho ndicho adui mkubwa wa pwani yetu, ni kloridi: chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, maji ya kisima yenye munyu yaliyochanganyiwa zege, na mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa.

Utando ukishatoboka, sehemu moja ya nondo inaanza kuyeyuka huku sehemu nyingine ya nondo ile ile ikipokea elektroni zinazotoka hapo. Elektroni zinapita ndani ya chuma. Ili mzunguko ukamilike, lazima ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, nazo zipite ndani ya maji yaliyomo kwenye vitundu vya zege. Zege lenye vitundu vingi vilivyounganika, tena lenye maji tele, linazipitisha bila shida na kutu inakwenda mbio. Zege lililoshikana linazikwamisha. Tena njia hizo hizo ndizo kloridi ya nje inazopitia kuingia ndani. Ndiyo maana namba moja ya ukinzani inagusa mambo mawili kwa pamoja: urahisi wa chumvi kufika kwenye nondo, na kasi ya kutu baada ya chumvi kufika. Kutu ikishaanza huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili hadi sita kutegemea aina yake, na msukumo huo ndio unaopasua zege.

Ncha nne

Njia inayotumika zaidi haikubuniwa kwa ajili ya zege. Mwaka 1915 Frank Wenner, aliyekuwa akifanya kazi katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, alieleza namna ya kupima ukinzani wa ardhi kwa ncha nne zilizopangwa kwenye mstari mmoja, zikiwa zimeachana kwa umbali ulio sawa. Ncha mbili za pembeni hupitisha mkondo mdogo wa umeme, na mbili za katikati hupima volteji. Kwa kuwa ncha zinazopitisha mkondo si zile zinazopima volteji, ubovu wa mguso kati ya ncha na uso wa kitu hauharibu sana jibu. Kifaa cha zege ni ndugu mdogo wa kile cha Wenner, na ncha zake kwa kawaida huachana milimita 38 au 50.

Hesabu yake ni fupi. Gawa volteji kwa mkondo, zidisha kwa umbali kati ya ncha, zidisha tena kwa mara mbili ya pai. Chukua ncha zilizoachana sentimita 3.8. Mkondo ni miliampea 0.1 na volteji ni milivolti 50. Volteji kwa mkondo inatoa omu 500. Mara mbili ya pai kuzidisha 3.8 ni karibu 23.9. Jibu ni kama omu sentimita 12,000, yaani kilo-omu sentimita 12. Kifaa hukufanyia hesabu hii na kuonyesha namba kwenye kioo, lakini mtu asiyejua namba hiyo imetokana na nini atashindwa kuitilia shaka inapostahili shaka.

Kuna mafundi umeme wanaojaribu kuchomeka waya mbili za maltimita kwenye ukuta na kusoma omu. Usiwaruhusu. Maltimita ya kawaida hutumia mkondo wa moja kwa moja, ambao hukusanya ayoni kwenye ncha na kubadilisha jibu wakati bado unapima. Juu ya hilo, kwa waya mbili ubovu wa mguso wote unaingia kwenye hesabu. Vifaa vya zege hutumia mkondo unaogeuka-geuka wa masafa ya chini.

Kilichokipa kipimo hiki heshima kwenye zege jipya ni wahandisi kuchoshwa na kipimo kilichokitangulia. Kipimo hicho kinaitwa ASTM C1202. Unakata kipande cha zege cha unene wa milimita 50, unakijaza maji kwa utupu, unakiwekea volti 60 kwa saa sita, kisha unahesabu kiasi cha umeme kilichopita kwa kulombi. Zaidi ya kulombi 4,000 ni zege linalopitisha sana, na chini ya 1,000 linapitisha kidogo sana. Kazi ya siku mbili tatu, kifaa cha gharama, na kipande kikishatumika kinatupwa. Idara ya barabara ya jimbo la Florida, ambako madaraja yake mengi yamesimama kwenye maji ya chumvi, ilitoa mwaka 2004 utaratibu wa kupima kwa ncha nne kwenye silinda zile zile za zege zinazosubiri kuvunjwa, ambazo kule hutumika badala ya kyubu. Baadaye chama cha mamlaka za barabara cha Marekani, AASHTO, kiliuweka kuwa kiwango chake, T 358.

Kwa silinda ya kipenyo cha milimita 100 na urefu wa 200, ncha zikiachana milimita 38, mgawanyo wake ni huu. Chini ya kilo-omu sentimita 12, zege linapitisha kloridi kwa wingi. Kati ya 12 na 21, kwa wastani. Kati ya 21 na 37, kidogo. Kutoka 37 hadi 254, kidogo sana, na juu ya hapo ni kama halipitishi. Ziandike namba hizi kwenye daftari lako, lakini andika na ukubwa wa silinda pembeni yake. Utaona sababu.

Kupima silinda, hatua kwa hatua

Silinda ikitoka kwenye fomu, chora mistari minne kwa urefu wake: nyuzi 0, 90, 180 na 270. Iweke kwenye chumba cha unyevu au tangi la maji mpaka siku ya kupima, na isiachwe ikauke hata saa moja. Siku hiyo itoe, ifute maji yanayochuruzika ila ibaki na unyevu usoni, ilowanishe ncha za kifaa, kisha ukandamize ncha zote nne katikati ya urefu wa silinda kwenye mstari wa kwanza. Subiri namba itulie, andika. Zungusha hadi mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Rudia mzunguko mzima. Hizo ni namba nane kwa silinda moja, na zinatakiwa silinda tatu. Wastani wake ndio unaoripotiwa. Kama silinda zilikaa kwenye tangi la maji yenye chokaa, zidisha wastani huo kwa 1.1, kwa sababu maji ya chokaa hushusha ukinzani kiasi hicho.

Namba nane za silinda moja zikitawanyika sana, usikimbilie wastani. Angalia kama kuna kokoto kubwa chini ya mstari mmoja, kama upande mmoja umekauka, kama ncha moja imeishiwa maji. Mimi hupenda kuona namba zote zikiwa zimeandikwa kwenye ripoti, si wastani peke yake. Ripoti yenye wastani tu inaficha mambo.

Joto nalo linasumbua kuliko wengi wanavyodhani. Ukinzani hushuka kadiri zege linavyopata joto, kwa makadirio ya asilimia 3 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kiwango kinataka chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Maabara ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na kiyoyozi inaweza kuwa na nyuzi 32 mchana wa Februari. Silinda ambayo ingesoma 21 katika nyuzi 22 inaweza kusoma 15 au 16 hapo, na zege zuri likaandikwa la wastani. Suluhisho ni rahisi: tangi la silinda likae kwenye chumba chenye kiyoyozi, upimaji ufanyike humo humo, na joto la zege liandikwe kwenye fomu ya majibu.

Sisi ni watu wa kyubu

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa kwetu. Marekani wanavunja silinda. Sisi tulirithi utaratibu wa Uingereza, kwa hiyo maabara zetu zimejaa fomu za kyubu za milimita 150. Mtu ananunua kifaa cha ncha nne, anapima ubavu wa kyubu, kisha anafungua mgawanyo wa Florida na kusoma daraja. Jibu hilo halina maana.

Sababu ni kwamba hesabu ya Wenner inadhania umeme unatawanyika kwenye kitu kisicho na mwisho, chini na pembeni. Silinda ya milimita 100 ni nyembamba. Umeme unabanwa, volteji inapanda, na kifaa kinaonyesha namba kubwa kuliko ukinzani halisi, karibu mara 1.9 kwa silinda hiyo na ncha za milimita 38. Mgawanyo wa T 358 umejengwa juu ya namba hiyo iliyokuzwa. Kwenye slabu pana au ukuta mnene ukuzwaji huo haupo. Zege moja, gari moja, siku moja: silinda inasoma 21, ukuta unasoma kama 11. Nimeona mkandarasi akikataliwa kazi kwa tofauti hiyo, na nimeona zege hafifu likipitishwa kwa kugeuza kosa lile lile upande wa pili.

Kwa maabara yenye kyubu ipo njia safi zaidi. Acha ncha nne, tumia sahani mbili za chuma. Weka kyubu katikati ya sahani hizo, na kati ya kila sahani na zege weka sponji nyembamba iliyoloweshwa, kisha pima omu za kyubu nzima kwa kifaa cha mkondo unaogeuka-geuka. Sahani zikae kwenye nyuso mbili zinazotazamana zilizogusana na fomu, si uso wa juu uliosawazishwa kwa mwiko. Pima pia ukinzani wa sponji zenyewe bila kyubu, uutoe. Halafu zidisha omu zilizobaki kwa eneo la uso na ugawe kwa urefu. Kwa kyubu ya sentimita 15 ni kuzidisha kwa 15 tu: omu 800 zinatoa omu sentimita 12,000, yaani kilo-omu sentimita 12. Huo ni ukinzani halisi wa zege, usiokuzwa na umbo. Ili kuulinganisha na mgawanyo wa silinda, gawa mipaka ya mgawanyo kwa 1.9. Mpaka wa 12 unakuwa kama 6.3, wa 21 unakuwa 11, wa 37 unakuwa 19.5. Kwa hiyo kyubu yetu ya 12 iko juu kidogo ya mpaka wa kuingia daraja la kupitisha kidogo, ingawa mtu angeisoma moja kwa moja kwenye mgawanyo wa silinda angeiweka mpakani mwa daraja baya kabisa.

Pia kyubu hiyo hiyo, baada ya kupimwa, inakwenda kuvunjwa kama kawaida. Hujapoteza kitu.

Na nguvu je?

Swali hili huulizwa kila mahali, na wauza vifaa hulijibu kwa haraka mno. Ukinzani na nguvu vyote vinapanda saruji inapozidi kushikana na maji kupungua. Kwa mchanganyiko mmoja, saruji ile ile, kokoto zile zile na dawa zile zile, unaweza kuchora mstari: pima ukinzani na vunja kyubu siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, kisha utumie mstari huo kukadiria nguvu ya zege la magari yanayofuata. Kwa kazi hiyo kipimo kinasaidia sana. Gari la zege likifika saiti baada ya foleni ndefu na dereva akaongeza maji ili zege limwagike kirahisi, silinda za gari hilo zitasoma chini ya wenzake ndani ya wiki ya kwanza, kabla hujasubiri siku 28.

Badilisha mchanganyiko, na mstari wako umekufa. Chukua zege mbili zenye nguvu sawa siku ya 28, moja la saruji tupu na jingine lenye pozolana, yale majivu ya volkano yanayochimbwa Mbeya na katika Bonde la Ufa nchini Kenya. La pozolana likishakomaa linaweza kuwa na ukinzani mara mbili au zaidi ya lile la saruji tupu, kwa sababu pozolana inafunga njia kati ya vitundu na inapunguza alkali iliyo kwenye maji ya ndani. Nguvu ni ile ile. Kwa upande mwingine, zege lenye matundu makubwa kati ya kokoto kwa sababu halikutetemeshwa vizuri litavunjika mapema kwenye mashine, lakini ukinzani wake unaweza kuonekana mzuri, maana matundu makavu hayapitishi umeme. Dawa ya nitriti ya kalsiamu, ambayo huongezwa makusudi ili kulinda nondo dhidi ya kutu, inaongeza ayoni kwenye maji ya zege na kushusha ukinzani, ingawa zege halijawa baya.

Kwa hiyo akija mtu na kifaa cha ncha nne kwenye jengo la zamani asilojua mchanganyiko wake, akakuambia nguzo zako zina nguvu fulani, usimlipe kwa jibu hilo. Nguvu ya jengo lililopo inatafutwa kwa kukata silinda za zege kwenye nguzo na slabu, mahali atakapochagua mhandisi wa miundo, na kuzivunja maabara.

Kuhusu pozolana, niongeze jambo linalowaponza watu wengi. Inafanya kazi polepole. Ukinzani wa siku ya 28 unaweza kuwa wa kukatisha tamaa, na wa siku ya 90 ukawa tofauti kabisa. Kwenye mkataba wa kazi ya pwani inayotumia saruji ya pozolana, andika umri wa kupima kuwa siku 56 au 90. Kama ratiba hairuhusu, ipo njia iliyoenezwa na idara ya barabara ya Virginia: siku 7 za kawaida, kisha siku 21 kwenye maji ya nyuzi 38, na majibu ya siku ya 28 yanakaribia yale ya miezi kadhaa ya kukomaa kwa kawaida.

Kwenye jengo lililosimama

Kabla ya kupima, tafuta nondo ziko wapi kwa kifaa cha kutafutia chuma. Nondo ni njia ya mkato ya umeme, na ukiweka ncha nne sambamba juu yake namba itashuka bila zege kuwa na kosa. Weka ncha katikati ya vyumba vya wavu wa nondo, kwa mshazari. Kaa mbali na ukingo na mbali na nyufa. Umbali kati ya ncha uwe mkubwa kuliko kokoto kubwa iliyomo, la sivyo utakuwa unapima kokoto. Rangi na plasta zitolewe hapo unapopima.

Unyevu ndio mtihani mkubwa zaidi. Ukuta uliopigwa na jua la Januari ni mkavu usoni, na namba itakuwa kubwa ya kufurahisha bila kweli yoyote nyuma yake. Vivyo hivyo tabaka la nje lililoingiwa na hewa ya ukaa huwa na ukinzani mkubwa kuliko zege la ndani, wakati nondo zilizo karibu nalo ndizo zinazokosa ulinzi. Lowanisha mahali pa kupimia mpaka namba ziache kushuka, pima, na andika hali ya hewa ya wiki hiyo. Kwa jengo la pwani mimi ningechagua kupima mwishoni mwa masika, zege likiwa na maji yake.

Mwongozo unaofuatwa na wengi kwa majengo, uliotoka kwenye kamati ya RILEM, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vifaa vya ujenzi, unasema hivi kwa zege la saruji ya kawaida: chini ya kilo-omu sentimita 10 hatari ya kutu ni kubwa, 10 hadi 50 ni ya wastani, 50 hadi 100 ni ndogo, na juu ya 100 haifai kuhofiwa. Mwongozo huu ni wa namba zisizokuzwa na umbo, za kuta na slabu. Usiuchanganye na ule wa silinda.

Namba ndogo peke yake haisemi kwamba nondo zako zinaoza. Inasema zikianza, zitaoza haraka. Ili kujua kama zimeanza, pima pia volteji ya nondo kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba kwa kufuata ASTM C876. Ikiwa chini ya hasi milivolti 350, uwezekano wa kutu kuwa inaendelea ni zaidi ya asilimia 90. Ikiwa juu ya hasi 200, uwezekano wa kutokuwapo kutu ni mkubwa vile vile. Pale ukinzani mdogo unapokutana na volteji mbaya, hapo ndipo pa kuchimbua vumbi la zege kwa kina tofauti na kulipima kloridi. Kwa mpangilio huo unaweza kukagua uso mpana wa slabu kwa siku moja, ukajua sehemu tatu za kubomoa badala ya kubomoa zote.

Namba ndogo vilevile haikuambii kama imetokana na vitundu vingi au chumvi iliyochanganywa tangu mwanzo. Zege lililochanganywa kwa maji ya kisima chenye munyu linaweza kuvunja kyubu vizuri kabisa. Kiwango cha Ulaya cha maji ya zege, EN 1008, kinaruhusu miligramu 1,000 za kloridi kwa lita kwa zege lenye nondo, wakati maji ya bahari yana karibu 19,000. Kipimo cha kloridi cha maji ya kisima ni rahisi na cha haraka, na kinafaa kufanywa kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Hakuna kifaa cha umeme kitakachofidia kutokukifanya.

Ukiagiza kazi

Kwenye barua ya kuiagiza maabara, taja kiwango kitakachofuatwa, umbo na ukubwa wa sampuli, umbali wa ncha, umri wa zege, namna ya kulikomaza, joto wakati wa kupima, na uamuzi kuhusu marekebisho ya umbo: yamefanywa au hayajafanywa. Omba namba zote ghafi. Uliza kifaa kilikaguliwa lini kwenye kipande cha majaribio kinachokuja nacho. Maabara inayojua kazi haitakasirika kwa maswali haya.

Majibu ya zege jipya yakiwa mabaya, kaa na mtengeneza mchanganyiko kabla ya kumwaga gari jingine. Mara nyingi dawa ni kupunguza maji, kutumia saruji yenye pozolana au slagi, na kulimwagilia zege kwa siku za kutosha badala ya kuliacha juani siku ya pili. Hakikisha na biskuti za kutenganisha nondo na fomu zipo na ni za unene ulioandikwa kwenye michoro, maana zege zuri la milimita 15 juu ya nondo halitaikinga kama la milimita 50. Slabu iliyokwisha kumwagwa na kupata namba mbaya haivunjwi kwa sababu ya ukinzani pekee. Jadili na mhandisi rangi ya kuzuia chumvi, ukaguzi wa karibu zaidi na namna ya kuzuia maji yasituame juu yake.

Mwisho, chagua pointi kama ishirini kwenye jengo, zichore kwenye ramani ya ghorofa, zipige alama ndogo ya rangi, na uzipime tena mwaka unaofuata katika mwezi ule ule, zikiwa na unyevu ule ule. Pointi iliyosoma 40 mwaka jana na 18 mwaka huu ndiyo ya kwanza kumwonyesha mhandisi wako.